Barua ya Wazi kwa Tume ya Antaktika: Kikomo cha Krili Kifuate Hali ya Bahari

Kwa Tume ya Kuhifadhi Rasilimali Hai za Bahari ya Antaktika, Hobart, Australia.

Krili, uduvi wa bahari ya baridi, ndio tegemeo la nyangumi, sili na pengwini wa Antaktika. Krili wenyewe hula mimea midogo mno inayoelea majini, na makinda yao huvuka majira ya baridi ya kwanza kwa mwani unaoota chini ya barafu. Anayetaka kujua krili watakuwaje msimu ujao hana budi aanze na mwanga, barafu na rutuba ya maji.

Setilaiti hupima rangi ya bahari, na kwa rangi hiyo hukadiriwa klorofili, kipimo cha wingi wa mimea. Vipimo hivyo vimekusanywa mfululizo tangu 1997. Hata hivyo huishia tabaka la juu, tena penye jua; mawingu, barafu na usiku mrefu wa majira ya baridi huvizuia kabisa.

Boya la Argo, chombo cha kupimia kinachozama na kupanda chenyewe, hufika pasipofikiwa na jicho la angani. Hutulia kwenye kina cha mita 1,000, na kila baada ya siku 10 hivi huzama hadi mita 2,000, kisha husukuma mafuta kwenye kifuko chake cha nje na kupanda huku likipima joto na chumvi. Maboya yenye vihisi zaidi hupima pia oksijeni, naitreti, asidi na klorofili. Boya likikuta maji ya juu yanakaribia kuganda, hughairi kuibuka, likahifadhi vipimo mpaka barafu iondoke. Mradi wa SOCCOM wa kuchunguza Bahari ya Kusini, bahari inayoizunguka Antaktika, ulioanza 2014, umesambaza zaidi ya maboya 200 yenye vihisi hivyo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walionyesha, kwa vipimo vya maboya, kwamba mimea huanza kuongezeka chini ya barafu kabla barafu haijarudi nyuma. Huo ni mwanzo wa msimu wa chakula, nao setilaiti za rangi haziuoni.

Hakuna chombo kinachojitosheleza hapa. Katika Bahari ya Kusini, kanuni za kawaida za kukokotoa vipimo vya setilaiti huelekea kukadiria klorofili pungufu, na vihisi vya maboya huelekea kuizidisha. Vyote hulinganishwa na sampuli za maji zilizochotwa melini, ndipo vipimo viingizwe katika modeli ya kompyuta inayoiga bahari na kuirekebisha kila inapopotoka.

Wakati huohuo, kikomo cha uvuvi wa krili kusini-magharibi mwa Atlantiki ni tani 620,000, kiasi kilichowekwa 1991. Hakikubadilika hata Februari 2023, barafu ya bahari ya Antaktika ilipopungua hadi kilomita za mraba milioni 1.79, rekodi ya chini tangu setilaiti zianze kuipima. Mwaka 2024 kanuni iliyogawa tani hizo kwa maeneo iliachwa ikaisha muda, na Agosti 2025 uvuvi ulifungwa mapema kwa sababu kikomo kilifikiwa. Huko ni kusimamia bahari hai kwa namba iliyokufa.

Tume inaombwa izitake meli za krili zidondoshe maboya, kwani huvua hadi majira ya baridi, wakati meli za utafiti ni chache mno. Tena, kila kikao cha Oktoba, kabla msimu haujafunguliwa tarehe 1 Desemba, kipokee utabiri uliotokana na maboya na setilaiti kwa pamoja, na kikomo kipangwe kwa kuufuata.