Mashauri ya Nyumbani: Baiskeli ya Mlimani na Kopo la Mafuta

Wasomaji wangu, juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya usafi wa baiskeli, hasa zile za mlimani zenye tairi nene na gia nyingi, ambazo siku hizi zaonekana kila mahali katika mitaa yetu ya Eastlands, toka Kaloleni hata Kayole. Nyingi zimekwisha kutumika ng'ambo kabla ya kufika kwetu. Hata hivyo ni imara, na mtu akizitunza vema zitamfaa miaka mingi. Lakini nimeona ya kwamba wengi wetu twazitunza kama baba zetu walivyozitunza Black Mamba zao, na hapo ndipo tunapokosea. Mimi nami nilikosea hivyo, na kosa langu nusura liniue.

Baba yangu alikuwa na Raleigh nyeusi. Kila Jumamosi jioni aliipindua uani, ikasimama juu ya kiti na usukani, akachukua kopo lenye mdomo mrefu akatia mafuta kila palipozunguka. Alifanya haki, maana katika vitovu vya magurudumu vya baiskeli nyingi za zamani palikuwa na kitobo kidogo chenye kifuniko, kilichowekwa makusudi kwa kazi hiyo. Alizoea kutuambia, "Chuma kikilia, chaomba mafuta." Neno hilo nililirithi pamoja na lile kopo, nami nikamfundisha mwanangu, kijana wa miaka 12.

Basi, mwaka jana wakati wa mvua ndefu, breki za baiskeli yangu zilianza kulia kwa sauti kali hata majirani wakawa wanajua saa ya kurudi kwangu. Jumapili moja, nikiwa nimejipumzisha baada ya chakula, kijana alichukua lile kopo akazipaka mafuta sahani zote mbili za breki, ya mbele na ya nyuma, kwa nia njema kabisa. Jioni akaniambia, "Baba, nimeiponya baiskeli, hailii tena." Nikamsifu. Wala sikumwuliza ameiponya kwa dawa gani.

Jumatatu asubuhi nikashika njia yangu ya kila siku, toka Jericho kwa barabara ya Jogoo kwenda kazini. Nilipokaribia mzunguko wa City Stadium, matatu iliyokuwa mbele yangu ikasimama ghafula kushusha abiria. Nikabana breki zote mbili. Vikono vilikuwa vigumu kama siku zote, lakini magurudumu yaliendelea kuzunguka kana kwamba sikubana kitu. Kulia kwangu lori lilikuwa likipita. Nikageuza kushoto, nikagonga ukingo wa njia, nikaanguka kifudifudi. Suruali ilipasuka magotini na viganja vikachubuka hata juma zima nikawa nashika kalamu kwa taabu. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya njia ndiye aliyeniinua.

Nikaikokota baiskeli mpaka kwa fundi mzee karibu na soko la Burma. Aliigusa sahani ya breki kwa kidole, akakinusa, kisha akanitazama. "Bwana karani, nani amekufanyia uadui huu?" Nikamjibu ya kuwa ni mwanangu. Akasema, "Mtoto hana kosa, Bwana. Mwulize baba yake alimfundisha nini."

Yafaa kila mwenye baiskeli ya namna hii aelewe jambo lenyewe. Breki ya sahani husimamisha gurudumu kwa vipande viwili vidogo, tuviite pedi, ambavyo huikamata sahani ya chuma kwa kukwaruzana nayo. Mkwaruzo huo ndio breki yenyewe. Mafuta yakiingia kati, mkwaruzo hautoki, na pedi huyanywa kama kitambaa kinywavyo maji. Sahani ilisafishika kwa kitambaa kipya na spiriti safi, lakini pedi hazikufaa tena, ikanibidi kununua mpya. (Angalieni, spiriti nyingine za duka la dawa zimetiwa mafuta ili zisikaushe ngozi; hizo hazifai.) Pedi mpya nazo zataka kuzoezwa kabla ya kuaminiwa: mtu hutafuta mahali pasipo magari, huenda mwendo wa kadiri, hubana mpaka karibu asimame, kisha huachia na kurudia, mara kumi au ishirini. Hata kuishika sahani kwa vidole si vizuri, kwa kuwa ngozi ya mwanadamu ina mafuta. Tena baada ya mteremko mrefu sahani huweza kuunguza. Wenye breki za zamani, zile za raba zinazobana rimu, wasidhani hayo hayawahusu. Tone moja la mafuta juu ya rimu hufanya kazi ile ile mbaya.

Na breki ikilia? Mara nyingi ni maji au uchafu, au pedi zimekwisha, au zimelegea mahali pake. Futeni, tazameni unene wa pedi, kazeni skrubu. Kelele ikizidi, mpelekeeni fundi.

Kwa kuwa tunazungumza juu ya breki na grisi, nitawasimulia jambo lililonipendeza. Baiskeli hizi asili yake ni Marekani, katika vilima vya Marin huko California. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko walichukua baiskeli kuukuu zenye tairi nene, wakawa wanashindana kuteremka nazo mlimani. Shindano la kwanza lilifanywa mwaka 1976. Breki ya baiskeli zile ilikuwa ndani ya kitovu cha nyuma, nayo mtu alibana kwa kukanyaga kinyume. Kufika chini, kitovu kilikuwa kimepata moto hata grisi ikageuka moshi, wakalazimika kukifungua na kukijaza grisi upya. Ndiyo sababu njia ile ikaitwa Repack, maana yake kujaza upya. Mmoja wa vijana wale, Joe Breeze, mwaka 1977 aliunda baiskeli mpya tangu mwanzo kwa ajili ya kazi hiyo ya milimani.

Sasa, grisi iliyomo ndani ya vitovu vyetu, na ndani ya shingo ya usukani, na pale mihimili ya kanyagio inapopita, ndiyo inayonileta kwenye adui wa pili, ambaye ni maji. Hapa Eastlands vijana wanaoosha magari wana pampu zenye nguvu nyingi, na mtu akitoka matopeni huona njia rahisi ni kusimama hapo akanyunyiziwa baiskeli yake kwa dakika mbili. Hung'aa sana. Lakini maji yale hupenya kwenye vifuniko vya vitovu, grisi hufifia, na gololi zilizomo ndani huanza kushika kutu pasipo mtu kuona. Baada ya majuma machache gurudumu huzunguka kwa mkwaruzo kama kinu.

Mimi nina kipande cha shamba huko Kamulu, na wenzangu mnaolima upande huo wa barabara ya Kangundo mwaujua udongo wetu mweusi. Ukilowa hunata kuliko ugali. Hujaa kati ya tairi na fremu hata gurudumu likakataa kwenda. Mtu akijaribu kuuosha ukiwa mbichi atamaliza ndoo tatu, na kwa mgao wetu wa maji nani ana ndoo tatu? Uacheni ukauke. Asubuhi yake gongeni taratibu kwa kijiti cha mti, wala si kwa bisibisi. Udongo utaanguka vipande vipande. Unaosalia husuguliwa kwa brashi kavu, na mswaki mkuukuu kati ya meno ya gia. Baada ya hapo nusu ndoo ya maji yenye sabuni kidogo na kitambaa yatosha baiskeli nzima. Anzeni kwa kiti na fremu, mnyororo uwe wa mwisho, kisha futeni pakauke. Zile nguzo mbili zinazong'aa za uma wa mbele wenye springi zifutwe kila safari, maana mchanga ukikaa pale hukwaruza chuma na kuharibu mipira inayozuia vumbi.

Mnyororo ndio mahali pa haki pa mafuta, na hata hapo twatia kupita kiasi. Kinachotaka mafuta ni ndani ya vile vigurudumu vidogo vya mnyororo, si nje. Ushikeni kwa kitambaa, zungusheni kanyagio kinyume mpaka uchafu mweusi upungue. Ukiwa mchafu sana, loweni kitambaa kwa mafuta ya taa, nje ya nyumba na mbali na jiko, wala yasiruke kwenye sahani ya breki. Ukikauka, tieni tone moja moja juu ya kila kigurudumu, ngojeni dakika chache, kisha futeni nje yote kama kwamba mmejuta kutia. Mafuta yaliyobaki nje hukamata vumbi, na vumbi pamoja na mafuta husaga meno ya gia kama tupa. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwa kuwa huganda yakawa kama gundi; na oili chafu iliyotolewa katika injini imejaa uchafu na vipande vidogo vya chuma.

Mnyororo hurefuka kwa kulika, nanyi mwaweza kuupima kwa rula ya shule yenye inchi. Wekeni sifuri katikati ya pini moja. Katika mnyororo mpya, pini ya 24 baada ya hiyo hukaa sawasawa juu ya inchi 12. Ikipita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunueni mpya upesi. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, huenda meno ya gia nayo yamekwisha kulika, na gharama yake ni kubwa kuliko ya mnyororo.

Mengine ni machache. Upepo wa tairi ufuate namba zilizopigwa ubavuni mwa tairi. Kabla ya kutoka, hakikisheni magurudumu yamekazwa, inueni baiskeli kidogo na kuiangusha msikie kama kuna kitu kilicholegea, na kila siku banini breki mara moja mkiwa bado mlangoni.

Lile kopo la baba lingalipo. Kijana ndiye mwenye kazi ya mnyororo siku ya Jumamosi, na bila kuambiwa na mtu ameweka vitambaa viwili katika mikebe miwili mbalimbali. Juu ya mmoja ameandika "BREKI", na chini yake, kwa herufi ndogo, "Baba usiguse".

Juma lijalo, nikijaliwa, nitawajibu wale walioniuliza juu ya kuziba matundu ya miiba.