Daftari la Mtoto Mwenye Kifafa

Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Mzazi ambaye mwanawe ana kifafa aghalabu humficha mwalimu hali hiyo kwa kuchelea unyanyapaa. Matokeo yake huonekana daftarini. Mwandiko uliokuwa umenyooka hujipinda, herufi huachwa, na insha ya ukurasa mzima hugeuka sentensi tatu. Mwalimu asiyejua lolote huandika kwa wino mwekundu: "Mvivu!"

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Kupotea kwa mwandiko si uvivu, wala si ithibati kwamba akili ya mtoto imekwisha. Huenda dawa yenyewe inahusika. Fenobabitali, iliyoanza kutumiwa kutibu kifafa mwaka wa 1912, ni ya bei nafuu na imewafaa wengi. Hata hivyo, huweza kumtia mtoto usingizi au kumnyima utulivu. Fenitoini ikizidi mwilini huondoa uthabiti wa viungo. Valproeti huweza kutetemesha mikono, nayo topirameti humfanya mtu atafute neno alijualo asilipate.

Hata hivyo, si kila lawama ni ya dawa. Kuna kifafa kisichoangusha: mtoto hukodoa macho kwa sekunde chache, fahamu zikamtoka, kisha akazinduka na kukuta imla imeshasonga mbele. Huyo huhitaji tiba bora zaidi, si kunyimwa tiba. Daftarini, sababu hizi mbili hufanana mno.

Kwa hiyo namwonya mzazi anayetaka kuzitupa tembe. Kuacha dawa ghafla huweza kuleta kifafa cha mfululizo kisichokoma, nacho huua. Lililo salama ni kumpelekea daktari madaftari mawili: la kabla ya dawa na la sasa. Daktari ataweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa hatua kwa hatua. Iwapo dawa ndiyo chanzo, mwandiko aghalabu hurejea.

Wengi wetu tunaosomea Kiswahili tutakuwa walimu, na sisi ndio tutakaozisahihisha insha hizo. Nchini Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, lakini wino mwekundu nao huchapa. Kabla ya kuandika "mvivu", tumwite mzazi kando, kwa staha, tumuulize: mtoto huyu anatumia dawa gani, na tangu lini?