Mafuta yaliuzwa, ndipo deni likalipwa



Leo siandiki ujumbe wa asubuhi kama kawaida. Kuna jambo limenilemea tangu Jumatatu na nimeona nisilale nalo.

Dada mmoja wa kanisa letu (amenikubalia niseme habari yake bila jina) alikuja kwetu jioni akilia. Mtoto wake alikuwa na homa. Kaka yake aliye Nairobi alikuwa amemtumia shilingi 1,000 za dawa. Ujumbe wa pesa uliingia, na kabla hajafika duka la dawa ukaingia wa pili: pesa imelipa mkopo wa simu, salio lako ni shilingi 280. Nikamuuliza, mama, huo mkopo ulikuwa wa nini? Akanyamaza. Mama mchungaji ndiye aliyemtoa maneno. Ulikuwa mkopo wa Jumapili. Ule mchango wa viti tuliotangaza, watu wasimame kwa viwango. Aliona aibu kubaki ameketi wakati jirani zake wamesimama. Akakopa akiwa pale pale kwenye benchi, akasimama, akatuma 700.

Na mimi nilimbariki kwa kipaza sauti. Nilisema Mungu amrudishie mara mia.

Dawa tulinunua, mtoto ni mzima, asante Yesu. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni mara ngapi nimehubiri juu ya madeni kuvunjwa huku mimi mwenyewe ninayaongeza. Kwa hivyo msinisome kama mtu anayewarushia mawe. Naanza na nyumba yangu.

Wengi wetu tunapenda 2 Wafalme sura ya 4, yule mjane ambaye mwenye deni alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili. Tunahubiri mafuta yaliyoongezeka, tunapiga makofi, tunaenda nyumbani. Tusome mpaka mwisho. Elisha hakumwambia deni limefutwa mbinguni. Alimuuliza ana nini nyumbani. Akamwambia aombe vyombo kwa majirani, ajifungie ndani na wanawe, amimine. Mafuta yalipopatikana akamwambia ayauze, alipe deni, kisha aishi na watoto wake kwa kile kitakachobaki. Muujiza ulimletea bidhaa. Deni lililipwa kwa pesa, kwa mtu yule yule aliyekuwa akidai. Na angalieni mpangilio: kwanza deni, kisha kula kilichobaki. Sisi tunakula kwanza, halafu tunaomba maombi ya deni.

Mwaka 2023 mimi na mama mchungaji tulifunga mlango usiku watoto wakiwa wamelala, tukachukua daftari la shule lililobaki kurasa chache, tukaandika kila shilingi tuliyokuwa tunadaiwa. Chama 30,000. Rafiki yangu mmoja wa zamani 25,000. Mikopo ya simu, yangu na yake, 12,600. Duka la jirani 7,400. Jumla 75,000. Nitawaambia ukweli, ile 12,600 ilituvunja moyo kuliko zile kubwa. Yake sikuijua, na yangu hakuijua. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja kila mtu na deni lake chini ya mto. Usiku huo hatukuomba maombi ya kelele. Tuliombana msamaha.

Ndipo tukaanza kuangalia pesa inaenda wapi. Mimi nilikuwa napanda boda kila siku, kwenda 50 na kurudi 50. Siku 26 za mwezi ni shilingi 2,600. Mkate wa asubuhi wa shilingi 65, siku 30, ni 1,950. Hapa Matayos, jamani! Mahali ambapo mihogo na viazi vitamu vinaota hata pembeni ya barabara, mchungaji analipa karibu elfu mbili kwa mkate mweupe kwa sababu wageni wakija asubuhi wasione viazi mezani. Bando la simu 50 kila siku ni 1,500, tukalifanya 600. Hapo tu, boda, mkate na bando, tulipata 5,450 kwa mwezi. Hatukuuza ng'ombe, hatukupata kazi mpya. Nilitembea. Suruali zikaanza kunitoka kiunoni, na mzee mmoja wa kanisa akauliza kwa upole kama ninaumwa.

Kuna jambo lingine tuligundua ambalo naona linawaumiza wengi Burumba na Mayenje. Tunanunua kidogo kidogo. Mafuta ya kupima ya shilingi 20, sukari ya kufungiwa kwenye karatasi, makaa ya mkebe. Ukijumlisha mikebe ya mwezi mzima utakuta umelipa gunia na zaidi. Siwalaumu, mtu wa kazi ya siku hununua ya siku. Ndiyo maana nasema pesa ya kwanza mnayookoa iende kununua kitu kimoja kwa jumla, gunia la makaa au mtungi wa mafuta, ili mwezi ujao kile kidogo kinachobaki kiende kwa deni. Na mnaovuka kwenda upande wa Uganda kununua sukari na sabuni kwa sababu ni rahisi, ni sawa, sisi ni watu wa mpaka. Lakini pigeni hesabu ya boda ya kwenda na kurudi, na chapati za mayai, na ile blauzi ambayo hukuwa umepanga. Nimewahi kuokoa shilingi 60 ya sukari nikarudi nyumbani nimetumia 400.

Ndugu zangu wanaume, sasa naja kwenu, na naomba msiniache hapa. Tukisema nyumba ipunguze matumizi, mara nyingi tunamaanisha sufuria. Mama apunguze nyama, apunguze mafuta, watoto wasitumie maziwa. Lakini ile ya beti kwenye simu haiguswi. Ile ya kukaa na wenzako Korinda kila Ijumaa haiguswi. Mwaka 2020 mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona, akina mama wengi hapa waliokuwa wakivusha nguo na nafaka walikula mtaji wao kulisha nyumba zetu. Wengi bado hawajarudisha huo mtaji, na madeni yao mengi yalianzia pale. Halafu leo baba anamwambia huyo huyo mama kwamba anatumia pesa vibaya. Mimi sikubali. Kupunguza kuanzie kwa mfuko wa mwenye sauti nyumbani. Chakula cha watoto, dawa, na malipo ya SHA visiguswe kabisa. Ukikata SHA leo ili ulipe deni la duka, ugonjwa mmoja utakupa deni la hospitali ambalo hata shamba halitatosha.

Sasa juu ya mikopo ya simu. Si dhambi, na sitasema ni ya shetani. M-Shwari ilianza Novemba 2012, Fuliza Januari 2019, na zimewatoa watu wengi kwenye shida za usiku. Lakini zielewe. Fuliza inakutoza ya kufungua, asilimia 1, kisha ada za siku kadiri unavyokaa nayo, na kila pesa inayoingia kwa simu yako inalipa deni kwanza, hata kama ilikuwa ya dawa. M-Shwari ilipoanza, ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Inasikika kidogo. Chukua 10,000, lipa, ukope tena siku hiyo hiyo, na ufanye hivyo mwaka mzima. Kila mwezi umetoa 750. Mwisho wa mwaka umetoa 9,000, na bado 10,000 unadaiwa. Hustler Fund ya serikali iliyoanza Novemba 2022 inatoza asilimia 8 kwa mwaka, tofauti ni kubwa, lakini hata hiyo ni deni na ina siku yake ya kulipwa. Sisi tulianza kulipa ya simu kwanza, ingawa ilikuwa ndogo kuliko ya chama, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikizaa haraka. Tulipomaliza, tukapiga ile namba ya kujiondoa. Wengine hulipa na kuacha mlango wazi.

Na wale mnaopigiwa simu za matusi, au mkopeshaji anapigia shangazi na bosi wako kuwaambia unadaiwa: tangu kanuni za Benki Kuu za 2022, kampuni za mikopo ya simu haziruhusiwi kukuaibisha hivyo. Unaweza kulalamika. Deni unalo, na utalipa, lakini heshima yako haikuwekwa rehani.

Nirudi kanisani, maana hapa ndipo panapouma.

Wako watumishi wenzangu wanaofundisha kwamba ukiwa na deni panda mbegu, hata kwa kukopa, na deni litavunjika. Wananipa mfano wa mjane wa Sarepta aliyempa Eliya mkate wa mwisho, na yule mama wa senti mbili pale hekaluni. Ni mifano mizuri, na naihubiri. Lakini unga ule ulikuwa wake. Senti zile zilikuwa zake. Sijaona mahali Bwana anamsifu mtu aliyetoa pesa ya mtu mwingine. Mtu mmoja tu katika habari za Elisha alipoteza kitu cha kuazima, shoka likaanguka majini, na alilia kwa sababu lilikuwa la kuazima. Nataka kanisa lenye machozi kama hayo.

Tena nasoma Nehemia 5. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba ili wapate nafaka na walipe kodi ya mfalme. Nehemia aliwakemea wakopeshaji, ndiyo, lakini soma mbele. Yeye mwenyewe, liwali, kwa miaka 12 hakula posho ya chakula cha liwali, kwa sababu mzigo ulikuwa mzito juu ya watu. Alianza na meza yake. Nilipofika hapo niliona aibu. Kanisani tuna sare za kongamano la akina mama, kila mwaka kitambaa kipya. Tuna siku ya kumshukuru mchungaji. Tuna michango ya matanga, na kwetu sisi matanga si jambo dogo, watu wanakopa ili kulisha waombolezaji siku tano, kisha familia inabaki na kaburi na deni.

Kwa hivyo nimekaa na wazee, na tumekubaliana hivi. Mwaka huu hakuna sare mpya, mama aje na ile ya zamani au na leso yake. Siku ya mchungaji haipo. Mkitaka kunishukuru, lipeni duka la jirani. Kusimama kwa viwango kumeisha, mtu atoe kwa bahasha, bila jina akitaka. Kwa msiba, kanisa litaleta unga, maharagwe na makaa, na tutawaomba ndugu wasivute siku. Viti vitasubiri. Mabenchi yametubeba miaka yote hii na bado hayajavunjika.

Najua kuna watakaosema mchungaji ameishiwa na imani. Sawa. Imani ilinitembeza kilomita nyingi mwaka ule, nenda mwaulize viatu vyangu.

Jambo la mwisho nililojifunza ni kwenda kwa mdai kabla hajakuja kwako. Mithali 6 inamwambia mtu aliyejifunga kwa deni la mwenzake asilale, aende akanyenyekee. Nilienda kwa chama nikiwa na 2,000 mkononi na kusema ukweli. Walinipunguzia riba, na mweka hazina akaniambia wanachama wengi hukimbia tu na kuzima simu. Yule rafiki wa 25,000 nilikuwa nimemkwepa miezi minane. Nilipofika kwake alinikaribisha chai kwanza. Tulichukua miezi 17 kumaliza yote, maana katikati mtoto aliumwa na miezi miwili hatukulipa kitu.

Jumatano baada ya maombi ya mchana nitakuwa ofisini mpaka jioni. Njoo na daftari, na kama una mume au mke, njoo naye. Tutafunga mlango, tuandike pamoja, na hakuna neno litakalotoka. Usilete bahasha. Mama mchungaji atakuwa na chai ya rangi na viazi vitamu.

Mbarikiwe.