Njia ya Mwongo ni Fupi

Umezuka usemi, na umezuka katika vinywa vya watu wenye elimu zao, kwamba msafiri wa leo hana haja ya kumwuliza mtu njia. Anashuka uwanja wa ndege, anatia saini karatasi za gari ya kukodi, anaiweka simu mbele yake, anautaja mji anaoutaka, na sauti inamwongoza mpaka mlangoni. Kuuliza, kwa mujibu wa usemi huo, ni kazi ya wazee na ya wasio na simu. Maneno haya yamewaingia khasa watu wa pwani walioko ng'ambo, wa Maskati na Dubai, wa London na Toronto, wanaorudi kwa likizo na kutaka kuiona bara ambayo mababu zao waliijua kwa miguu. Wengi wao wamekwisha kukifanya Kiswahili lugha ya jikoni na ya salamu za Idi, na safari wamekiachia chombo. Hapo ndipo penye kosa, na kosa hilo hulipiwa barabarani.

Hapana mahali pazuri pa kuupima usemi huo kama Singida. Mkoa huo ni njia panda ya nchi nzima. Atokaye Dodoma hupita Manyoni na kufika Singida mjini baada ya kiasi cha kilomita 240. Atokaye Arusha huja kwa Babati na Katesh. Aendaye magharibi hupita Iramba, akateremka mlima Sekenke, akaelekea Igunga na Nzega. Malori ya Rwanda, ya Burundi na ya Kongo yanapita humo usiku na mchana. Barabara hizo kuu zina lami, na juu ya lami simu haikosei sana. Ndipo udanganyifu unapoanzia, kwani mtumishi aliyeaminika katika kazi nyepesi hukabidhiwa nzito bila ya kuulizwa kama anaiweza.

Haki isemwe kwanza. Satelaiti zinazozunguka juu ya ardhi, kiasi cha kilomita 20,000 kwenda angani, ni kazi kubwa ya akili ya mwanadamu. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuzipotosha kwa makusudi ishara wanazopewa raia, mtu yeyote mwenye kipokezi anaweza kujua alipo kwa kukosea hatua chache tu. Wala hakuhitajiki mtandao wa simu kwa hilo. Kipokezi kikizisikia satelaiti nne kinatosha. Kinachohitaji mtandao ni ramani yenyewe, na msafiri asiyeipakua kabla ya kutoka mjini huiona nukta yake ikielea juu ya uwanja mtupu, mfano wa ngalawa katika bahari isiyo pwani. Lakini hata aliyeipakua amepewa jawabu la swali moja tu: niko wapi? Maswali mawili yaliyobaki, yaani njia inapitika au haipitiki, na mbele yake kuna nini, satelaiti haikuulizwa wala haijui.

Simu hutafuta njia fupi au ya haraka, na huihesabu kwa mistari iliyochorwa. Wahenga walikwisha kusema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Singida ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kiasi cha Novemba au Disemba na kumalizika Aprili. Katika miezi hiyo udongo mweusi wa mbugani hugeuka ulimbo, na tambarare ya Wembere, magharibi ya Iramba, hujaa maji. Mstari uliochorwa juu ya mbuga hiyo ni ule ule Agosti na ni ule ule Februari. Gari ndogo ya kukodi iliyotii mstari huo Februari hulala hapo hapo, na mwenyewe hulala ndani yake, akisubiri ng'ombe wa kuikokota au trekta ya mwenye huruma. Mvulana wa bodaboda aliyesimama chini ya mti kwenye njia panda angalimwambia habari hiyo kwa maneno matatu: "Huko hakupitiki, mzee."

Wako wanaoikimbia simu na kukumbatia karatasi. Nao wana haki yao. Ramani ya karatasi haiishiwi na umeme, tena humwonesha msafiri nchi nzima kwa mtazamo mmoja, akajua Manyoni iko upande gani wa Iramba na mto unaelekea wapi. Simu humwonesha kipande cha kiganja, na mtu akazunguka mkoa mzima asijue umbo lake. Lakini karatasi huzeeka kimya kimya. Iliyochapwa kabla ya 2012 haina mkoa wa Simiyu, wala wilaya za Mkalama na Ikungi hazimo. Inauonesha Mto Sibiti, baina ya Mkalama na Meatu, kuwa kizuizi, na leo mto huo una daraja. Simu haizijui mvua za jana, karatasi hailijui daraja. Vyote viwili vina aibu moja, kwamba havijui kusema "sijui". Mtu mwenye adabu akiulizwa asichokijua humpeleka mgeni kwa anayejua.

Watu wa pwani ndio wa mwisho waliostahiki kuambiwa haya. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuwa na dira na vyombo vya kupimia jua. Pamoja na vyote hivyo hakuthubutu kuikata bahari ya Hindi mpaka alipopewa rubani. Jina la rubani huyo linabishaniwa hadi leo, lakini haja yake haina ubishi. Chombo humwambia nahodha alipo, na rubani humwambia mwamba ulipo. Anayeyajua haya baharini anayasahauje nchi kavu?

Na nchi kavu ya Singida inayo ushahidi wake. Sehemu ya mkoa huo, upande wa Manyoni na Itigi, ndiyo iliyokuwa Mgunda Mkali, nyika kavu baina ya Ugogo na Unyamwezi iliyoogopwa na misafara yote iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora. Jina hilo peke yake ni mwongozo wa safari. Maneno mawili, mgunda na mkali, yanamwambia msafiri ajaze vibuyu, asikawie njiani, asimwache mgonjwa nyuma. Ni utungo wa maneno mawili, na kwa vizazi umeokoa roho. Ramani ya simu ya mahali hapo huandika masafa na dakika. Barabara ya leo ya Manyoni kwenda Itigi na Tabora inapita humo humo, na msafiri aliyelisikia jina hilo kwa mwenyeji hujaza petroli Manyoni bila ya kuhimizwa.

Richard Burton na John Speke walipita Mgunda Mkali mwaka 1857 wakiwa na saa za kupimia longitudo, na saa hizo ziliwaharibikia safarini. Hazikuwa saa zilizowafikisha ziwa Tanganyika. Waliofikishwa walifikishwa na watu, na mmoja wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani mpaka India, akarejea, akafuatana na Speke mara mbili, kisha na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron mpaka bahari ya magharibi. Vitabu viliwaita waliofuata "wavumbuzi" na aliyewatangulia "mtumishi". Usemi wa leo wa kwamba chombo kinatosha ni mtoto wa vitabu hivyo.

Kila msafara ulikuwa na kirangozi wake aliyekwenda mbele na bendera. Njia zilipogawanyika, watu wa mbele huiziba isiyofaa kwa tawi la mti, ili wa nyuma wasipotee. Tawi hilo halijafa. Lori likiharibika leo kwenye mteremko wa Sekenke, utingo hukata matawi mabichi na kuyatandika barabarani hatua nyingi nyuma ya lori, na kila dereva wa Tanzania ayaonapo hupunguza mwendo, kwani anajua kwamba nyuma ya kona pana chuma kimesimama. Mgeni aliyezoea kuendesha upande wa kulia kama Oman, ambaye tayari akili yake inahangaika na upande wa kushoto, huyapita matawi hayo akidhani upepo umeyaangusha. Sauti ya simu, wakati huo, inamwambia aendelee moja kwa moja. Huyu hakukosa chombo. Amekosa mtu wa kumsomea maandishi ya nchi.

Watasema: watu nao huongopa. Mwanakijiji husema "hapo tu," na hapo ni mwendo wa saa mbili. Ni kweli, lakini kosa mara nyingi ni la muulizaji. Aulizaye, "Hii ndiyo njia ya Kiomboi?" huitikiwa ndiyo, kwa sababu ya adabu, maana si uungwana kumkatalia mgeni. Aanzaye kwa salamu, kisha akauliza, "Njia ya Kiomboi ni ipi?" na tena, "Gari ndogo zimepita leo?" hupata habari. Asiyetosheka humwuliza wa pili mbele kidogo, na maneno ya wawili yakipatana, hiyo ndiyo njia. Kuuliza si ujinga. Ni ilimu yenye kanuni zake, na anayeidharau hajawahi kujifunza.

Na ilimu hiyo ina lugha. Katika Singida mna Kinyaturu na Kinyiramba, mna Kigogo na Kisukuma, mna lugha ya Wabarbaig na ya Wahadzabe, na Kiswahili kinawakutanisha wote hao. Kiswahili hicho kilikwenda huko na misafara, kwa vinywa vya watu wa mrima na visiwani, kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Mtalii wa Ulaya akiegemea simu ana udhuru, kwani hana ulimi wa kuulizia. Lakini mtu wa pwani, aliyerithi lugha iliyoifungua njia hiyo, akapita njia panda na vioo vimefungwa, akiisikiliza sauti inayoyavunja majina ya vijiji, ana udhuru gani? Chombo kile hata kikisemeshwa Kiswahili hakikijui, kwa sababu hakijui kusalimu wala kusalimiwa.

Basi uchaguzi si mgumu. Mwenye uwezo na akodi gari pamoja na dereva wa nchi hiyo, huyo ndiye kirangozi wake. Aendeshaye mwenyewe na achukue simu iliyokwisha kupakuliwa ramani, imwambie alipo. Na achukue karatasi, imwoneshe nchi ilivyokaa. Kisha ashushe kioo, amsalimu mtu, amwulize. Afanyaye hivyo hufika, tena hufika akiwa na majina ya mahali kinywani. Asiyefanya, hata akifika, aulizwe amepita wapi: atajibu kwa idadi ya kilomita.