Hedseti ya Helmeti: Nunua kwa Sikio na Kidole, Usinunue kwa Boksi

Haya basi. Leo tuweke kando seva na lugha za programu, tuzungumzie kifaa ambacho siku hizi naulizwa habari zake kuliko hata kompyuta: hedseti ya Bluetooth ya kuvaa ndani ya helmeti ya pikipiki. Swali huwa ni lile lile, "Ninunue gani?" Na mara nyingi anayeuliza ameshachagua tayari kwa kusoma boksi. Hii ina Bluetooth 5.3, ile ina 5.0. Hii inafika mita 1,000, ile mita 500. Kwa hiyo hii ndiyo bora, sivyo?

Sivyo. Msimamo wangu ni kwamba namba mbili zinazoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote kwenye boksi, yaani toleo la Bluetooth na umbali, ndizo zenye faida ndogo kuliko zote kwa mtu anayeendesha pikipiki mjini. Nitaeleza kwa nini, kisha niseme ningetazama nini.

Kwanza, tatizo lenyewe

Pita barabara yoyote ya Nairobi utamwona. Mwendesha boda ameshindilia simu kati ya shavu na helmeti, anasikiliza mteja akimwambia "ukifika kwa kibanda cha M-Pesa, kata kushoto". Mwenzake amefunga simu kwenye usukani, na macho yanashuka kutazama ramani kila baada ya muda mfupi.

Tupige hesabu ndogo. Ukienda kilomita 50 kwa saa, unakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Macho yakikaa kwenye skrini sekunde 2 tu, umepita mita 28 bila kuiona barabara. Hayo ni mabasi mawili makubwa yakiwa yamepangwa moja nyuma ya jingine! Katika mita hizo kuna shimo, kuna mtoto anayevuka, kuna matatu iliyosimama ghafla kuchukua abiria.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya hedseti ni kuhamisha maelekezo kutoka machoni kwenda masikioni. Muziki ni ziada. Kupiga soga na wenzako mkiwa safarini ni ziada. Ukiipanga kazi hivyo, uchaguzi unakuwa rahisi.

1. Namba ya toleo haikuambii unachofikiri

Bluetooth 5.0 ilipotoka mwaka 2016, ilitangazwa kwa kasi mara mbili na umbali mara nne. Ni kweli, lakini soma kwa makini: maendeleo hayo yalikuwa ya upande wa Bluetooth inayotumia nishati kidogo, ile ya saa za mkononi na vipima joto. Muziki na simu kwenye hedseti nyingi bado vinapita kwenye Bluetooth ya zamani, kwa profaili mbili: A2DP kwa muziki na HFP kwa mazungumzo ya simu. Njia mpya ya sauti, LE Audio, ilikamilishwa mwaka 2022, na ili uifaidi lazima simu yako na hedseti yako zote mbili ziwe nayo.

Maana yake ni kwamba hedseti ya 5.3 isiyo na LE Audio haitakupa sauti nzuri zaidi ya ile ya 5.0 kwa sababu ya namba tu. Swali la kumuuliza muuzaji ni profaili gani zimo, na kama mazungumzo ya simu yanatumia sauti pana.

Sauti pana ni nini? Simu ya kawaida ya Bluetooth hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na mawimbi ya juu hukatwa. Kuanzia HFP 1.6 ya mwaka 2011 kuna kodeki ya mSBC inayopima mara 16,000. Hilo lina faida gani kwetu? Herufi kama s, f na sh zina nguvu zake nyingi kule juu kunakokatwa. Sasa mteja akikuambia nyumba namba sitini na wewe ukasikia tisini, umeshajua hasara yake. Mafuta yamekwenda na muda umekwenda, na mteja amekasirika juu yake.

2. Mita za kwenye boksi

Umbali ulioandikwa hupimwa mahali peupe, hakuna kitu katikati. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na maji hunyonya masafa hayo vizuri sana. Mwili wa binadamu umejaa maji. Lori limejaa chuma. Weka abiria mmoja na lori moja katikati, kisha utafute zile mita 1,000 zako.

Tena, simu yako iko wapi unapoendesha? Iko mfukoni au kwenye usukani, chini ya mita mbili kutoka kichwani. Mita za kwenye boksi ni za intakomu, yaani kuzungumza pikipiki kwa pikipiki. Kama huendeshi katika kundi, umelipia kitu usichokitumia.

3. Intakomu: uzio uliojengwa katikati ya barabara

Hapa ndipo mimi kama mwandishi wa programu hukasirika kidogo. Bluetooth ilianzishwa mwaka 1998 na kampuni kubwa (Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba) ili vifaa vya watengenezaji tofauti viweze kuelewana. Kwenye simu na muziki, ahadi hiyo imetimia: hedseti yoyote inaongea na simu yoyote. Kwenye intakomu, kila mtengenezaji amejenga lugha yake. Cardo wana mtandao wao wa meshi wanaouita DMC. Sena nao wana wa kwao, uliokuja na 30K mwaka 2018. Ukitaka kuziunganisha hizo mbili, unarudi kwenye daraja la Bluetooth ya kawaida, na faida ya meshi inabaki upande mmoja.

Sisemi meshi ni mbaya. Kama mnatoka kumi kwenda Naivasha au Nanyuki na mnataka mmoja akiachwa nyuma arudi kwenye mazungumzo bila kubonyeza chochote, meshi ni kitu kizuri sana. Lakini ni ghali. Packtalk Edge ya Cardo ilipotoka mwaka 2022 bei yake ilikuwa karibu dola 400. Kwa shilingi 129 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi 50,000, na bado hujalipa ushuru wala usafiri. Kwa anayesafirisha abiria Kawangware hadi Yaya, hiyo ni pesa ya kununua suluhisho la tatizo la mtu mwingine.

Sheria yangu ni rahisi: kama mnanunua kwa ajili ya kundi, nunueni wote aina moja. Kama unanunua peke yako, usilipie intakomu.

4. Kelele, na masikio utakayoyahitaji uzeeni

Jambo hili halimo kwenye boksi lolote. Upepo ndani ya helmeti kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa unaweza kupita desibeli 95. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inapendekeza kiwango kisichozidi desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Yaani desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Ukifika 97, una nusu saa tu.

Sasa wewe unafungua sauti ya spika ishinde upepo. Umeongeza kelele juu ya kelele. Sauti ya kujipandisha yenyewe kadiri kasi inavyoongezeka, ambayo wauzaji huisifu, ni raha kwa dakika tano, lakini gharama yake analipa sikio.

Mjini, kwa kilomita 30 au 40, si tatizo kubwa. Lakini kama kila siku unapanda Thika Road au Mombasa Road (na kumbuka pikipiki haziruhusiwi kwenye Expressway), nunua vizibo vya masikio. Vinapunguza upepo, na sauti ya spika iliyokaa sawasawa bado unaisikia, mara nyingi kwa uwazi zaidi. Ni vitu vya bei ndogo, na ningemwambia mtu avinunue kabla ya hedseti yenyewe.

Na spika ikae mbele ya tundu la sikio, si nyuma wala chini yake. Sentimita mbili tu hubadilisha sauti kabisa. Watu wengi wanaolalamika "hedseti hii haina sauti" wana spika iliyobandikwa vibaya. Ila usichimbe povu gumu la helmeti ili kupata nafasi! Povu hilo ndilo linalobonyea badala ya fuvu lako. Kama helmeti haina nafasi ya spika, tafuta spika nyembamba au helmeti nyingine.

5. Kidole, betri na mvua

Vaa glovu, funga macho, jaribu kuizima simu inayoita. Ukishindwa dukani, utashindwa barabarani. Kitufe kimoja kikubwa ni bora kuliko vitano vidogo vyenye siri za "bonyeza mara mbili kisha shikilia sekunde tatu".

Betri: anayefanya kazi kutwa anaweza kuchaji kila siku, na betri ndogo ya lithiamu huanza kuchoka baada ya chaji mia kadhaa. Kwa hiyo hesabu kwamba baada ya mwaka au miwili, saa 10 za boksi zitakuwa zimepungua vya kutosha. Uliza kama unaweza kuitumia huku inachaji kutoka kwenye pikipiki, na kama fundi anaweza kuifungua bila kuivunja.

Maji: tafuta alama ya IP67 au zaidi. 6 ni vumbi haliingii, 7 ni inavumilia kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. Neno "waterproof" peke yake bila namba ni maneno ya muuzaji. Mvua za Aprili hazisomi matangazo.

Mwisho, ile inayokataa kufanya kazi mpaka usakinishe programu ya kampuni yake, iache dukani. Siku kampuni ikichoka na programu hiyo, kifaa chako kimekufa kikiwa kizima.

Lakini je, si bora kusiwe na hedseti kabisa?

Wapo wanaosema hivyo, na hoja yao ina uzito. Mikono ikiwa huru haina maana akili iko huru. Mtu anayegombana na mpenzi wake kwenye simu akiwa mzunguko wa Globe hayuko barabarani, hata kama macho yake yako mbele. Nakubali. Ndiyo maana nasema hedseti ni ya kusikia maelekezo mafupi na kumwambia mtu "niko njiani, nakupigia". Zaidi ya hapo, simama kando. Na kama unatumia spika moja, iweke upande wa kushoto. Sisi huendesha kushoto na wanaotupita hutokea kulia, kwa hiyo sikio la kulia libaki kusikiliza.

Lakini kumwambia mtu ambaye riziki yake inaingia kupitia simu kwamba asiiguse simu, bila kumpa njia nyingine, ni mahubiri tu. Ataigusa. Afadhali aisikie.

Neno kwa waandishi wa programu wenzangu

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Hata mwendeshaji akinunua hedseti nzuri kuliko zote, programu nyingi za kuita boda na kupeleka vifurushi zimeundwa kana kwamba anayezitumia ameketi mezani. Kazi mpya inaingia kwa mlio, kisha skrini inaonyesha ramani, bei na kitufe kidogo cha kukubali, na muda unahesabu kurudi nyuma. Tunampa mtu aliye kwenye mwendo sekunde chache za kuchagua kati ya pesa na barabara. Kisha ajali ikitokea tunasema waendesha boda hawana nidhamu.

Simu za Android zina uwezo wa kusoma maandishi kwa sauti, na kitufe cha kucheza muziki kwenye hedseti hufika kwenye programu kama amri ya kawaida. Tunaweza kabisa kusema sikioni: "Abiria, Kilimani, shilingi mia mbili, bonyeza kukubali", na kumruhusu akubali kwa kidole kimoja. Tunaweza pia kusimamisha ile saa ya kuhesabu mpaka pikipiki isimame, kwa sababu GPS tayari inatuambia kama inakwenda. Zana zote hizi zipo, kwa hiyo hatuna kisingizio cha teknolojia. Tuache kuandika kwa ajili ya skrini peke yake.

Kwa hiyo ukiniuliza tena "ninunue gani?", jibu langu ni hili: ya bei ya kati, yenye sauti pana ya simu, kitufe kikubwa, IP67, isiyodai programu yake, na vizibo vya masikio kando. Pesa inayobaki ongeza kwenye helmeti.

Wewe unatumia gani, na imekaa muda gani? Andika hapo chini, hasa kama unafanya kazi ya boda kila siku. Endesha salama.