Pete ya Posa: Iwe Zawadi, Isiwe Mzigo



Mfunguo Mosi ukiingia, Zanzibar huingia katika harusi. Na kila msimu swali linalotufikia zaidi kutoka kwa mabibi harusi watarajiwa ni hili: nichague pete gani? Ya dhahabu tupu au ya jiwe? Ya gramu ngapi? Hayo tutayajibu hapa chini. Lakini kwa maoni yetu lipo swali linalotangulia, nalo watu huliruka: hii pete ni nini hasa? Ni zawadi, au ni sehemu ya mahari? Na aliyeinunua ameinunua kwa pesa yake, au kwa deni?

Kwanza tukumbushane mahali pake. Posa ni ahadi, si ndoa. Hata posa ikishajibiwa, mchumba bado ni ajnabi kwako mpaka ipite nikaha, na wala pete haibadilishi hilo. Ndiyo maana wazee wetu walipanga mambo kwa hekima: mshenga anapeleka barua, wazee wanakaa, jibu linatoka, kisha wanakuja wanawake wa upande wa mume na sinia zao, na anayemvisha mwari pete ni mama mkwe, shangazi au wifi. Furaha ipo, vigelegele vipo, udi unafukizwa, na hakuna mpaka uliovukwa. Siku hizi kijana anapiga goti hotelini, anaushika mkono wa binti wa watu, na kamera inarekodi. Hatusemi furaha ni dhambi. Tunasema mkono huo bado haujawa wake, na wifi anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kabisa.

Wako masheikh wanaoikataa pete ya uchumba moja kwa moja, kwa kuiona ni kuigiza desturi za wasio Waislamu. Wengine wanaiona ni zawadi tu, inayofaa maadamu haifungamani na itikadi potofu. Tunaowafuata hawa wa pili tuchunge sharti lao. Pete haifungi mapenzi, kuivua si nuksi, na ikipotea haimaanishi ndoa imeingia mkosi. Ukiamini hivyo, umeipa kipande cha madini kazi ambayo si yake.

Sasa bei. Katika Bukhari na Muslim imepokewa hadithi ya Sahl bin Saad kuhusu mtu masikini aliyetaka kuoa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia atafute cha kutoa, hata ikiwa pete ya chuma. Hakupata hata hiyo, akaozeshwa kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Hadithi hii haiwaambii wanawake wasipewe kitu kizuri. Inatufundisha kwamba ukosefu wa pete haukuruhusiwa kuizuia ndoa ya watu wawili waliokuwa tayari. Kwetu leo pete inazuia. Kijana ameshajibiwa posa, lakini anaomba miezi minane zaidi kwa sababu pete aliyoonyeshwa kwenye simu inazidi mshahara wake. Miezi hiyo minane ni ya uchumba mrefu, ya kupigiana simu usiku, ya fitna. Akiikopea, deni hilo utakuja kulila wewe, dada yangu, katika mwezi wa kwanza wa nyumba yako.

Jambo linalotuuma zaidi ni kuchanganya pete na mahari. Mahari ni haki yako, na Qur'ani imeamrisha wanawake wapewe mahari yao katika aya ya 4 ya Surat An-Nisaa. Pete ni kitu kingine, isipokuwa pande mbili zikubaliane kuwa ni sehemu ya mahari. Lisiposemwa, kila upande unaelewa lake. Bibi harusi anadhani kapewa zawadi, na siku ya kudai salio la mahari anaambiwa, "Si ulishapewa pete?" Au posa inavunjika, na familia mbili zilizokuwa zikisalimiana zinaanza kugombania kitu cha gramu nne. Wanavyuoni wenyewe wamekhitilafiana kuhusu zawadi za uchumba posa ikivunjika: wapo wanaosema zirudi, wapo wanaosema zisirudi, na wapo wanaoangalia ni nani aliyevunja.

Kwa hiyo ushauri wetu ni mmoja, nao hauna gharama. Siku ya kujibu posa, walii wako aulize mbele ya mshenga na mashahidi: pete hii ni zawadi au ni mahari? Posa ikivunjika, itarudi au haitarudi? Jibu liandikwe kwenye karatasi ileile inayoandikwa mahari. Wako watakaoona ni ukosefu wa haya. Sisi tunaona haya ya kweli ni kuepuka kugombana baadaye mbele ya kadhi.

Hayo yakishanyooka, nendeni kwa sonara. Dhahabu ya karati 24 ni safi lakini ni laini, hupinda. Angalieni muhuri ndani ya pete: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18, na 375 ni karati 9, yaani dhahabu haifiki hata nusu. Pete ipimwe kwenye mizani mbele yenu, na risiti iandike uzito na karati. Mkumbuke pia kuwa siku ya shida ukitaka kuiuza, mara nyingi sonara atahesabu uzito wa dhahabu, na ufundi uliolipiwa hautarudi. Kwa mwanamke anayeichukulia dhahabu kama akiba, pete nyepesi isiyo na nakshi nyingi ina faida kuliko ya mapambo mengi.

Mkipenda jiwe, fikirieni mikono inayofanya kazi. Tanzanite ya Mirerani ni fahari ya nchi yetu na rangi yake haina mfano, lakini katika kipimo cha ugumu cha Mohs iko kati ya 6 na 7, wakati yakuti ni 9 na almasi ni 10. Ukiivaa kila siku ukikuna nazi na kusugua masufuria, itakwaruzika. Lulu zinazofugwa na kina mama wa Ghuba ya Menai ni nzuri na pesa yake inabaki kisiwani, lakini lulu ni laini zaidi, na ndimu, siki na manukato huiharibu. Hiyo ni pete ya Idi na ya shughuli, si ya jikoni.

Pete isikubane. Vidole huvimba kwa joto na kwa ujauzito, na maji ya udhu lazima yafike chini yake, kwa hiyo iwe inazungushika. Mkitaka kuandika kitu ndani, andikeni tarehe au herufi za majina yenu. Jina la Allah litakulazimu kuivua kila uingiapo chooni.

Na bwana harusi naye? Dhahabu ni haramu kwa wanaume, hata iwe ya siku moja ya picha. Fedha inamtosha. Pete ya Mtume mwenyewe ilikuwa ya fedha, akipigia muhuri barua alizowapelekea wafalme.

Sisi tunaamini pete yenye maana ni ile ambayo mwenye kuitoa hakuilalia njaa, mwenye kuivaa anajua ni yake, na familia zote mbili zinajua kwa nini ilitolewa. Ikiwa ni ya dhahabu, alhamdulillah. Ikiwa ni ya fedha, ndoa haipungui kitu. Basi, dada, kabla hujamtumia mchumba picha ya pete, mwambie walii wako aulize lile swali.

Allah awatimizie posa zenu kwa kheri na azitie baraka nyumba zenu. Amin.