Mzigo Si Ule: Majibu kwa Kauli Saba za Kariakoo

Siku hizi Kariakoo inamfuata mtu hadi sebuleni. Huna haja ya kubanana Mtaa wa Kongo wala kuzunguka Msimbazi kutafuta pa kuegesha gari. Unaona bidhaa Instagram au kwenye status ya WhatsApp, unauliza bei, unalipa kwa simu. Ukiwa Dar es Salaam bodaboda anakuletea mlangoni. Ukiwa Mbeya au Songea mzigo unapakiwa kwenye basi. Jumia, soko la mtandaoni lililokuwa na utaratibu wake wa kurudisha bidhaa, lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Wengi wetu leo tunanunua moja kwa moja kwa mtu mwenye ukurasa na namba ya simu, na likiharibika jambo hakuna dawati la malalamiko katikati.

Shida inaanza unapofungua mfuko. Uliagiza blenda yenye jagi la kioo, imekuja ya plastiki. Uliagiza viatu vyeusi namba 39, umeletewa vya kahawia namba 41. Ukipiga simu, majibu ni yale yale, na mengine yanatoka kwa majirani na hata kwa wanunuzi waliokwisha kukata tamaa. Msimamo wangu ni huu: makubaliano ni yale mliyoandikiana kabla hela haijatoka, na mzigo usiolingana nayo ni deni la muuzaji. Nitazijibu kauli hizo moja baada ya nyingine, na penye ukweli ndani yake nitausema.

1. "Mali ikishauzwa hairudi"

Maneno haya yamebandikwa ukutani kwenye maduka mengi na kuchapwa chini ya risiti. Yana haki yake pale mtu aliyeletewa alichoagiza anapobadili mawazo: rangi haimpendezi tena, au ameona bei nafuu duka la pili. Hapo muuzaji hadaiwi kitu, na akikubali kubadilisha ni hisani yake.

Lakini blenda ya plastiki hukuinunua. Ulinunua ya kioo, na hiyo bado hujaletewa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Isipolingana, mnunuzi anaweza kuikataa na kudai hela yake. Ni kweli sheria inawaruhusu muuzaji na mnunuzi kupatana masharti yao. Ila mapatano ni ya watu wawili, na hufanyika kabla ya malipo. Sharti ulilolikuta kwenye kikaratasi ndani ya mfuko, baada ya kulipa, hukulikubali popote.

2. "Picha ni mfano tu"

Anayenunua dukani anashika kitambaa, anakivuta, anakitazama juani. Anayenunua kwa simu hana chochote isipokuwa picha na maneno yaliyo chini yake. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana anachagua picha nzuri. Hawezi kuitumia picha kuvuta hela, halafu aikane mzigo unapofika.

Rangi kukolea au kupauka kidogo kwa sababu ya mwanga au kioo cha simu kunaeleweka. Dera la pamba kugeuka nailoni hakueleweki, wala simu ya GB 128 kufika ikiwa ya GB 64. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kupotosha wateja, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, ambayo wengi wanaiita FCC. Kama ulicholetewa ni feki kilichobandikwa nembo ya kampuni nyingine, hapo imeguswa pia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na tume hiyo hiyo ndiyo inayokamata bidhaa bandia.

Kabla ya kulipa, uliza swali moja kwa maandishi: "Hiki cha kwenye picha ndicho utakachonitumia?" Taja saizi, rangi, ujazo, na kama ni OG au kopi. "Ndiyo" moja iliyoandikwa itakusaidia kuliko maelezo marefu ya kwenye simu.

3. "Ulishapokea, maana yake umekubali"

Tazama makabidhiano yenyewe yalivyo. Bodaboda yuko getini, hajazima pikipiki. "Dada, fanya haraka, nina mzigo mwingine Sinza." Mfuko ni mweusi, umezungushiwa solotepu mara tatu, hauonyeshi kilichomo. Unaupokea, anaondoka. Kusema kwamba hapo umekubali bidhaa ni kukuhukumu kwa kitu ambacho hujakiona.

Sheria inatenganisha kupokea na kukubali. Mnunuzi ambaye hakukikagua kitu kabla hahesabiwi amekikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kukikagua. Akikikataa kwa haki, halazimiki kukirudisha yeye mwenyewe, isipokuwa walipatana hivyo; inatosha kumjulisha muuzaji kwamba amekikataa. Kwa hiyo lile jibu la "rudisha kwa nauli yako" halina msingi.

Haki hiyo ina mwisho wake. Ukivaa viatu harusini Jumamosi, Jumatatu huna la kusema. Ukikaa kimya kwa muda mrefu, au ukakitumia kama chako, umekubali. Fungua mzigo mbele ya aliyeuleta kama anaweza kusubiri. Kama hawezi, washa kamera kabla ya kugusa solotepu, na usiizime mpaka bidhaa ionekane yote. Ukinunua simu, bonyeza *#06# na ulinganishe namba ya IMEI na iliyoandikwa kwenye boksi. Video hiyo inamlinda pia muuzaji mwaminifu, kwa sababu wapo wanunuzi wanaobadilisha kitu nyumbani kisha wakadai wametapeliwa. Wauzaji wanaolilalamikia hilo wana haki, na dawa ni kuweka kumbukumbu pande zote mbili.

4. "Muulize bodaboda, muulize mtu wa basi"

Hapa inabidi tutofautishe mambo mawili. Mzigo ukipotea au ukivunjika njiani, muuzaji anaweza kuwa na hoja: kwa kawaida sheria inahesabu kwamba kumkabidhi msafirishaji mliyemkubali ni sawa na kumkabidhi mnunuzi. Ndiyo maana anayeagiza kioo au televisheni kwa basi apatane mapema nani atabeba hasara.

Lakini kiatu namba 39 hakigeuki 41 kikifika Morogoro. Kilitoka dukani hivyo hivyo. Kosa la kufunga mzigo usio sahihi limefanyika kabla msafirishaji hajaugusa, na aliyeufunga ndiye wa kulijibu. Muuzaji anayedai mzigo umebadilishwa njiani aonyeshe alichofunga. Mwombe mapema akutumie video akifunga mzigo, pamoja na picha ya risiti ya basi. Wauzaji wengi makini wanafanya hivyo bila hata kuombwa.

5. "Mimi winga tu, duka ndilo lililokosea"

Mawinga ni sehemu ya Kariakoo. Winga hana fremu wala stoo. Ana simu, anapiga picha bidhaa za maduka ya watu, anaongeza chake juu, na oda ikiingia anakwenda kuchukua. Ni kazi halali, inawalisha vijana wengi, na mteja wa mkoani anaokoa nauli na muda.

Tatizo ni winga anayekuwa "duka letu" wakati wa kupokea hela, kisha akawa "mimi winga tu" wakati wa kurudisha. Kama ulimlipa yeye, ukapatana naye, na hakukutajia duka lolote, basi kwako yeye ndiye muuzaji. Hata kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, wakala asiyemtaja anayemwakilisha anaweza kubanwa yeye mwenyewe. Duka likimpa kitu tofauti, hilo ni lake na duka. Ana nafasi nzuri kuliko wewe: anajua ni ghorofa ipi, mtaa upi, na alimchukulia nani.

6. "Huna risiti, na WhatsApp si ushahidi"

Nusu ya kwanza inamrudia aliyeisema. Muuzaji anayetakiwa kutumia mashine ya EFD ana wajibu wa kutoa risiti. Kutokuitoa ni kosa lake, na hakumfutii deni. Hata hivyo usiache kuidai, maana mnunuzi asiyedai risiti naye anaweza kutozwa faini.

Nusu ya pili imepitwa na wakati. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba inayofungwa kwa njia ya kielektroniki, na inasema ujumbe wa kielektroniki usikataliwe mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kinachopimwa ni kama unaaminika: umetunzwaje, ametuma nani, haujachezewa? Usiikate picha ya mazungumzo ukabakiza mstari mmoja unaokufaa. Iache namba ionekane, tarehe ionekane, na simu yenyewe ibaki na ujumbe wake. Status inafutika baada ya saa 24 na ujumbe unaweza kufutwa na aliyeutuma, kwa hiyo hifadhi tangazo siku ile ile unayolipa. Tunza pia meseji ya muamala. Ina jina, kiasi, saa na namba ya kumbukumbu, na jina lile ndilo litakaloandikwa kwenye madai.

7. "Piga huduma kwa wateja wakurudishie, la sivyo achana nayo, hela yenyewe ndogo"

Huu ni ushauri wa marafiki, na sehemu zake zote mbili zinampotosha mtu. Huduma ya kurudisha muamala kwenye mitandao ya simu imewekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Wewe hukukosea, ulimlipa uliyemkusudia. Kampuni ya simu haitaamua kama jagi lilipaswa kuwa la kioo, na kudai ulikosea namba ni kusema uongo. Aliyelipa kwa kadi ya benki ana njia nyingine: anaweza kuiomba benki yake ipinge malipo kwa sababu bidhaa si ile iliyoelezwa, na awahi, maana muda wa kufanya hivyo una kikomo.

Kuhusu udogo wa hela, muuzaji mbaya anategemea hesabu hiyo hiyo. Shilingi 30,000 ya mtu mmoja haitoshi kumfanya apande daladala kwenda kulalamika; za watu mia moja ni milioni tatu. Na kudai hakuhitaji makelele. Andika ujumbe kama huu siku ile ile:

"Habari kaka. Tarehe 12 nilikulipa 85,000 ya blenda ya lita 2 yenye jagi la kioo, kama ulivyothibitisha hapa saa nne asubuhi. Leo nimeletewa ya plastiki. Picha na video hizi hapa. Siikubali. Naomba uniletee niliyoagiza au unirudishie hela yangu yote kabla ya Ijumaa jioni. Mzigo wako nimeutunza, mtume mtu auchukue."

Ujumbe huo una tarehe, kiasi, kosa, dai na muda. Hauna tusi. Wauzaji wengi wanamalizana na mteja hapo, kwa sababu wengi walikosea tu kutokana na wingi wa oda. Asipojibu, mfuate dukani na mtu wa kukushuhudia. Ikishindikana, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, au fungua madai Mahakama ya Mwanzo, ambako madeni yatokanayo na mikataba husikilizwa kwa Kiswahili na huhitaji wakili.

Polisi ni kwa jambo lingine. Muuzaji anayekiri kosa lakini anachelewesha hela ni mdaiwa, na hilo ni shauri la madai. Aliyekublock baada ya kupokea hela, akabadili jina la ukurasa na kuendelea kupokea za wengine, huyo unaweza kumfungulia jalada la kujipatia mali kwa udanganyifu, kosa lililomo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Nenda kituoni na vielelezo vyako, uchukue RB. Laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole tangu 2019, na namba aliyopokelea hela ina mwenyewe. Namba za matapeli zinaripotiwa pia kwenda 15040.

Kwa wauzaji nina ombi. Wateja wanatoka Zambia, Malawi, Kongo na Comoro kuja Kariakoo, na soko kuu lilipoungua Julai 2021 biashara ya mitaa ile iliendelea, kwa kuwa watu wanaamini wakilipa watapata mzigo wao. Imani hiyo sasa inajengwa au kubomolewa kwenye simu. Andikeni kwenye kurasa zenu, juu kabisa, sharti moja: kikija tofauti na tulivyopatana, tutakifuata kwa nauli yetu na hela yako utarudishiwa. Kisha litekelezeni kwa mteja wa 10,000 kama mnavyolitekeleza kwa wa milioni.